Maiti ya Jumapili

Watu wakiniuliza nilivyoanza kutengeneza filamu, huwa nawapa uongo mzuri. Nawaambia kwamba nilipokuwa mtoto Dagoretti niliona gari la sinema la serikali likitundika shuka uwanjani, na moyo wangu ukatekwa pale pale. Gari hilo nililiona kweli, lakini ninachokumbuka zaidi ni mbu. Ukweli ni kwamba nilianza kwa sababu nilikuwa nimechoka na harusi za watu wengine.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimeajiriwa katika studio moja ya Barabara ya Biashara, katikati ya jiji, ghorofani juu ya duka la vitambaa. Mwenye studio alikuwa mzee wa Kihindi, mpole, mwenye kikohozi kisichoisha kwa sababu ya zile dawa za kusafishia filamu. Alipiga harusi za jamaa zake na matangazo ya sabuni ya kuonyeshwa sinemani kabla ya picha yenyewe. Mimi nilikaa chumba cha nyuma na mkasi na gundi, nikikata na kuunganisha. Sidhani kuna mwanamke mwingine wa Dagoretti aliyewatazama mabwana harusi wengi kama mimi wakipandishwa juu ya farasi huku wanaogopa.

Jioni nilirudi chumbani kwangu Uthiru nikaandika hadithi zangu mwenyewe. Ziliku­wa za filamu fupi. Za ndefu sikuwa na uwezo nazo, na mpaka leo sina subira nazo. Mtu asiyeweza kusema neno lake kabla chai haijapoa anapiga domo tu. Mzee alijua. Siku moja akaniambia, bila kunitazama, kwamba kamera ndogo hukaa bure Jumapili ambazo hakuna harusi, na kwamba mikia ya filamu, vipande vitupu vinavyobaki baada ya harusi, yeye huitupa. Nikaanza kuikusanya ile mikia katika mkebe wa biskuti.

Hadithi niliyoichagua ilikuwa imelala mlangoni pangu. Ploti yetu ya Uthiru ilikuwa na wapangaji wengi waliotoka magharibi: seremala, karani, wapishi, watunza bustani. Mmoja wao akifa hawakumwacha azikwe mjini. Walimchukua, wakamsimamia, wakampeleka kwao, hata kama akiwa hai walikuwa hawasemezani naye. Jambo hilo lilinigusa kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Nikaandika filamu ya mtu mmoja anayefia katika chumba cha kupanga, na majirani wanaomtoa chumbani mpaka barabarani. Hapakuwa na maneno ndani yake. Kamera yenyewe haikunasa sauti.

Wa kuigiza maiti nilimpata mlango wa tatu. Alikuwa mtunza bustani wa nyumba moja ya Lavington, nyumba yenye ukuta mrefu na mbwa waliokula nyama kutushinda. Kijana mtaratibu, mwenye uso ambao ukiutazama unajisikia umepumzika. Nilipomweleza kazi alicheka.

"Dada, kwani kazi ni kulala?"

"Kulala tu. Bila kupumua sana."

"Hiyo naweza. Kwa huyo mzungu nachimba kutoka Monday. Jumapili nilale."

Tulipiga filamu Jumapili kadhaa, na tukaiacha ya maiti iwe ya mwisho. Jeneza niliazimwa na seremala wa kule kwetu Dagoretti aliyemfahamu baba yangu. Sharti lake lilikuwa moja, vanishi isikwaruzwe. Takataka za randa zilikuwa bado ndani, na mwigizaji wangu akalalia hizo hizo. Nikawaita wanawake wa ploti, nikawasimamisha kulizunguka jeneza pale uani, nikaikaza kamera springi yake kwa mkono, nikasema lieni.

Hawakulia. Walinitazama.

Mkubwa wao, mama mnene aliyeuza mboga kando ya barabara, akauliza, "Tunamlilia nani?"

"Mlie tu, mama. Ni mchezo."

"Hakuna kulia tu. Mtu analiliwa na jina. Jina yake nani?"

Sikuwa na jina. Katika karatasi zangu nilikuwa nimeandika Mwanamume, basi. Nikamwambia hivyo. Wakaangaliana, na mmoja akajaribu kwa heshima, "Woi, Mwanamume!" wote wakaangua kicheko, maiti naye akacheka mpaka jeneza likatikisika. Nilipandwa na hasira, maana mawingu yalikuwa yanakuja na mwanga ulikuwa unanikimbia. Kwetu sisi tunalia kimyakimya, na wengine hatulii kabisa. Sikuelewa ugumu ulikuwa wapi. Nikasema lieni mnavyojua, kamera yangu haina masikio.

Basi wakalia walivyojua. Yule mama wa mboga alianza, akamwita maiti kwa jina lake halisi, jina la mtu aliyekuwa amelala pale mbele yake. Wa pili akaongeza jina la baba yake. Wa tatu akaita kijiji, mto wanaochota maji, na mama mzazi atakayeachwa bila wa kumwezekea nyumba. Sauti zilipanda na kushuka, na machozi yakaja, ya kweli, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake aliyemkumbuka. Nami nilikuwa nimefumba jicho moja na lingine nimeligandamiza kwenye kioo, moyo unanidunda kwa furaha. Nilijua ninapiga kitu ambacho sitakipiga tena.

Ukuta wetu ulikuwa ua wa michongoma tu, na nje ya ua palikuwa na kituo cha mabasi yaendayo magharibi. Tulikuja kujua baadaye kwamba mtu mmoja wa kijiji kile kile alikuwa amesimama pale na mzigo wake. Alilisikia jina. Akachungulia, akaona jeneza na uso ndani yake. Akavua kofia. Angeingia kutoa pole, lakini basi lake lilifika, akapanda na habari yake.

Jumatatu mzee aliisafisha filamu mwenyewe, akaitundika ikauke, na jioni akanipa huku anakohoa. Niliitazama, na nitasema bila haya: ilikuwa nzuri. Filamu yangu yote ilikuwa inakingoja kipande kile. Nilikata, nikaunganisha, Jumanne ikawa tayari. Na ilibidi iwe tayari, kwa sababu Jumamosi ile ingeonyeshwa katika ukumbi mmoja mdogo wa mjini, na bwana wa ukumbi aliniambia wazi kwamba ikiwafaa wageni wake, atanitafutia filamu mpya za kutengenezea nyingine. Filamu mpya, si mikia. Nilikuwa nimepita umri wa miaka thelathini, natamani jambo moja tu duniani, na jambo hilo lilikuwa ndani ya kopo la bati katika rafu ya studio. Nakala ilikuwa hiyo moja. Filamu ya aina ile haikuwa na negativu. Uliyopiga ndiyo hiyo hiyo unayoonyesha, ukiiharibu umeiharibu.

Jumatano asubuhi nilikuwa nafunga mlango niende kazini nikawaona wanaingia uani. Mwanamke mzee na mwanamume wa makamo. Mwanamke amebeba blanketi jipya, na mwanamume amening'iniza mkononi suti nyeusi ndani ya karatasi ya duka. Walisimama katikati ya ua kama watu wanaotafuta penye watu wengi, na hapakuwa na watu. Mwanamume akaniuliza kwa sauti ya chini, "Maiti iko mochari gani?"

Kabla sijajibu, mlango wa tatu ulifunguka. Mtunza bustani alitoka na fulana yake na mswaki mdomoni, amechelewa kazini.

Yule mama hakupiga kelele. Aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Mwanawe akatupa mswaki, akamkimbilia, "Mama! Mama, kwani kuna nini?" akanyoosha mkono amwinue. Mama aliuvuta mkono wake akauficha ndani ya blanketi. Akageuza uso.

Yule mwanamume alikuwa baba mdogo wa kijana. Ndiye aliyetueleza mambo yote, na ndiye aliyemtafsiria mama, kwa sababu mama Kiswahili alikijua kidogo lakini siku ile hakukitumia. Habari ilikuwa imefika Jumatatu. Kijiji kimelia siku mbili. Wazee walisema safari ya kutoka Nairobi ni ndefu na maiti haifai kungoja, wakachimba kaburi mapema. Liko wazi sasa hivi, karibu na la baba yake.

"Na kwetu," akasema, "mtu mwenye ameliliwa hawezi kusalimiwa na mkono. Hawezi kula na sisi. Hawezi kuingia boma. Mpaka yule amekufa azikwe."

"Lakini baba, mimi sikukufa," kijana alisema.

"Ndiyo. Lakini umeliliwa."

Wanawake wa ploti walikuwa wamejifungia vyumbani. Sasa walitoka mmoja mmoja, wamejitanda leso mpaka machoni, na mama wa mboga akapiga magoti mbele ya mgeni, akaeleza katika lugha yao. Nilielewa neno moja, sinema. Mama mzazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali fupi. Mama wa mboga akageuka akaninyooshea kidole, na wote wakanitazama.

"Ameuliza nini?" nikasema.

Baba mdogo alijikuna kidevu. "Anauliza huyo aliyekufa yuko wapi. Ameambiwa yuko town, kwa studio yako."

Nilijitia kutoelewa. Nikasema ile ni picha, ni kivuli, hakuna mtu ndani. Baba mdogo alikubaliana nami haraka. Alikuwa mtu wa amani na alitaka kurudi nyumbani. Akamwambia shemeji yake kwamba dawa ya jambo hili inajulikana, mtu ambaye maiti yake haikuonekana huzikiwa shina la mgomba, kaburi likafungwa. Migomba iko mingi. Wakafanye hivyo, yaishe. Nilimshukuru kimoyomoyo.

Mama alitikisa kichwa. Aliongea polepole, na mtafsiri wake hakufurahi kutafsiri.

"Anasema mgomba ni wa mtu hajaonekana. Huyu ameonekana. Hawa mama wamemwona, wamemlilia kwa mwili. Anasema hawezi kuzika mgomba na mwili iko."

Hapo nilisema hapana. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kiingereza, nikaongeza na lugha ya kwetu ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeielewa. Niliwaambia nimeokota mikia ya filamu kwa muda gani kuitengeneza ile, na Jumamosi itaonyeshwa, na bila maiti hakuna filamu, kuna watu tu wanaozunguka ua. Nilikuwa nimewaka kweli. Nilimwonea uchungu yule mama, nasema kweli, lakini nilijionea uchungu zaidi.

Mtunza bustani hakugombana nami. Alinivuta kando, karibu na bomba la maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, wewe uko na haki. Lakini mimi nitaenda nyumbani wapi? Nikizeeka hii Nairobi, nitarudi kupitia mlango gani?" Kisha akasema kile kilichonimaliza nguvu. "Mama amekataa mkono yangu."

Nikasema angalau mama aje auone mwili wenyewe kabla ya kuudai. Nilidhani akiona ni utepe wa plastiki atatambua ni upuuzi. Hayo ndiyo yalikuwa matumaini yangu yote.

Tulipanda basi mpaka mjini, sisi wanne. Mama alikaa na shemeji yake, na mwanawe akasimama nyuma kabisa, mbali, kama alivyoelekezwa. Tulipanda ngazi za studio. Mzee wangu aliwatazama wageni, akaitazama ile suti, akaelewa kwamba kuna msiba, akamletea mama kiti chake mwenyewe. Nilifunga mapazia, nikaipitisha filamu kwenye mashine, nikamulika ukutani.

Mama alimwona mwanawe amelala. Aliwaona wale wanawake wakifungua vinywa bila sauti. Hakulia, nadhani alikuwa amemaliza. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayemtazama mtoto asimwamshe. Chumba kilikuwa kimya isipokuwa mashine, na mimi nilisimama nyuma yake nikajua kwamba picha ile haikuwa utepe wa plastiki hata kidogo. Nilikuwa nimeitengeneza iaminike, na alikuwa anaiamini.

Ilipokwisha akasema neno. "Anauliza, halafu?" baba mdogo akatafsiri.

"Halafu wanambeba. Ndio mwisho wake."

"Anasema haiwezi kuwa mwisho. Kijana huyu hapa."

Mzee wangu alikohoa gizani. "Dada," akasema, "iko kipande ingine. Wewe natupa."

Alikwenda kwenye kikapu cha vipande vilivyokatwa, akavuta utepe mmoja, akauinua kwenye mwanga wa mlango, akaukubali. Alikuwa ameusafisha kwa mikono yake, alijua kilichomo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuusahau, maana kwangu ulikuwa uchafu. Ulikuwa ule mwisho wa Jumapili, baada ya mimi kusema yatosha lakini kabla kamera haijamaliza kuzunguka.

Ukutani, maiti ilifumbua jicho moja. Ikakaa kitako ndani ya jeneza, nywele zimejaa takataka za randa. Mama wa mboga, machozi yakiwa bado mashavuni, akaikung'uta kichwa kwa leso yake akiigombeza. Maiti ikacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana, ikanyoosha mkono, ikapokea kikombe cha chai.

Mama mzazi alimshika shemeji yake begani. Akasema kitu, na hapakuwa na haja ya kutafsiri, mzee alirudisha kile kipande akakionyesha tena. Akakionyesha tena. Mara ya mwisho mama alicheka, kicheko kifupi, akaziba mdomo kwa aibu ya kucheka msibani.

Kisha akatoa hukumu yake. Baba mdogo akanipa: "Anasema huyu mwenye ameamka ubaki naye. Mwenye amelala umpatie aende naye."

Nitayamaliza mambo ya filamu hapa, nisije nikaonekana nayaficha. Nilikata. Nilibandua kiungo cha kwanza, nikabandua cha pili, nikaizungusha maiti yangu kuwa kifundo kidogo cha kutosha kiganja, na mahali pake nikabandika kile kipande cha kikapuni. Jumamosi wageni wa ukumbini waliona majirani wanaleta jeneza tupu uani, na mara moja, bila kifo chochote, mtu anakaa ndani yake anakunywa chai, kisha wanalibeba jeneza kwenda barabarani. Wakapiga makofi mpaka nikaogopa. Bwana mmoja mwenye tai alisimama akaeleza kwamba nilitaka kuonyesha jinsi watu wanyonge wanavyokataa kufa, akaniuliza kama amenielewa. Nikamwambia amenielewa kabisa. Filamu mpya nilipewa, na baada ya hiyo nyingine, na watu wakaanza kuniita mtengenezaji wa filamu, na kazi yangu yote tangu hapo imesimama juu ya kiungo kile. Ile iliyozikwa ilikuwa bora. Nimeililia mara kadhaa, nikiwa peke yangu.

Lakini Jumatano ile sikujua hayo. Nilichojua ni kwamba nimeweka kifundo cha filamu mikononi mwa mwanamke mzee, na mikono yangu imebaki mitupu, nami nina hasira na dunia nzima. Nilifungua mapazia. Mama alikiweka kile kifundo mezani. Akaitoa suti katika karatasi yake, akaitandaza, akakilaza ndani ya koti, upande wa kifua, akafunga vifungo kimoja kimoja. Akakunja mikono ya koti ikutane mbele. Suruali akaikunja chini yake. Kisha akalivingirisha blanketi jipya juu ya vyote, akaupapasa ule mzigo mpaka ukanyooka.

Mwanawe alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, hajui kama anaruhusiwa kutazama.

Mama alinyanyuka akamwendea. Baba mdogo alishtuka, akamkumbusha kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Bado, shemeji. Mpaka tufike, mpaka tufunike kaburi." Na kwa mara ya kwanza siku ile yule mama alijibu kwa Kiswahili.

"Nimemvalisha. Nimemfunika. Huyu mwingine amengoja vya kutosha."

Akanyoosha mkono. "Mulembe," akasema, salamu ya kwao ya amani.

"Mulembe muno, mama." Mwanawe akampa wake.

Mama aliushika mkono ule kwa mikono yake yote miwili, akaugeuza, akausugua kiganja, akaugandamiza shavuni mwake na kufumba macho. Kisha akageuka akamwambia shemeji yake jambo kwa lugha yao. Baba mdogo alikawia kutafsiri. Alikuwa anajifuta uso.

"Anasema mkono uko na joto."